Wenye nyumba wako Nairobi

Kwa Kigujarati dada ni babu. Babu mzaa baba. Kaka ni baba mdogo, na mama, shikilia kiti hapo, mama ni mjomba. Nilisoma hayo kwenye daftari la lugha mwaka wa kwanza nikacheka nikasahau, sasa siku ya siku nimeshuka kwenye basi niko hoi, masaa sita kutoka Rajkot, vumbi mpaka kwenye kope, jamaa yangu ninayesoma naye ananiingiza kwao ananiambia kwa heshima zote "huyu ndo dada", na mbele yangu kuna mzee wa miaka themanini na kitu, masharubu meupe, miguu kaikunja juu ya kitanda cha kamba, anamimina chai kwenye sosa. Nikashindwa kujizuia. Nikacheka. Hapo hapo nikajua nimeharibu.

Mzee akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye raba. Halafu akasema, "Wewe natoka Mombasa?"

Kwa Kiswahili, aisee. Huku ni Kutch, jimbo la Gujarat, wilaya ya mwisho kabisa magharibi ya India, ukiendelea kidogo unaingia Pakistan, nimekaa nchi hii mwaka na nusu sijawahi kusikia neno la nyumbani kwa mtu yeyote ambaye sio mwanafunzi mwenzangu. Nikamwambia hapana, natoka Tanga, shikamoo mzee. Aliposikia shikamoo akaweka sosa chini. "Marahaba. Tanga mimi najua. Mkonge mingi. Kuja, kaa, chakula iko."

Kilikuwa Kiswahili kile cha mafundi wa Kihindi wa Nairobi ya zamani, hakina habari na ngeli kabisa, kila kitu ni "iko" na "hapana iko", ila kinatembea. Alienda kule na miaka kumi na saba, fundi mbao, akarudi 1992. Tangu hapo Kiswahili amekibakiza yeye na mkewe, wanakitumia wakitaka kusengenya wakwe zao bila kueleweka. Bibi alivyojua nimeelewa sentensi moja aliyoitupa kutoka jikoni kuhusu mkwe wake mkubwa akafunika mdomo na ushungi.

Nilikwenda kwa ajili ya Diwali tu, siku nne, kula na kulala. Nimerudi na daftari limejaa namba na maswali, ndo maana naandika hii, na itakuwa ndefu, anayetaka fupi aishie hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno wilaya. Wilaya ya India sio kama Handeni au Muheza. Kutch ina kilomita za mraba 45,674, yaani mkoa wa Kilimanjaro unaingia mara tatu na nafasi inabaki, ndo wilaya kubwa kuliko zote India nzima kwa eneo. Na watu? Sensa ya 2011 iliwakuta 2,092,371. Wao wanaandika laki 20 na ushee, na hapo sisi hatuhitaji mkalimani, laki ni ya kwao tukaichukua, kama tulivyochukua duka na gari na chapati na sijui nini kingine. Ukigawanya unapata watu 46 tu kwa kilomita ya mraba, kitu cha ajabu kwa nchi ambayo mimi naijua kwa kubanana kwenye treni mpaka unasahau mkono upi ni wako. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya Kutch ni Rann, uwanda wa chumvi, mvua zikinyesha ni ziwa, zikiisha ni nyeupe mpaka macho yanauma. Ukiingia kwa barabara kutoka Rajkot unavuka daraja la Surajbari na hapo unaanza kuona marundo ya chumvi kama vilima, malori yamejipanga, na mitambo ya upepo inazunguka taratibu. Mtu wa Tanga anayejua majaruba ya chumvi atajisikia nyumbani kwa dakika mbili hivi, halafu ataona ukubwa wake atanyamaza.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Ni kimojawapo cha vile vijiji vya Walewa Patel, jamii ya wakulima, kuzunguka mji wa Bhuj, wenyewe wana hesabu yao wanaviita ishirini na vinne. Ukiingia huoni kijiji. Unaona nyumba za ghorofa mbili, nguzo nene, mageti ya chuma yamechongwa tausi, marumaru, na barabara ya lami isiyo na shimo. Na kimya. Nilidhani watu wamelala mchana, kumbe hawapo. Tulitembea mtaa mmoja na jamaa yangu nikahesabu nyumba kumi na saba, zenye watu zilikuwa sita, zilizobaki zina kufuli. Kila nikiuliza hii ya nani jibu ni lile lile, Nairobi. Hii? Nairobi. Hii? Mombasa, ila watoto wako London. Hii yenye simba juu ya geti? Kisumu, sasa hivi wako Perth, Australia. Yaani ni kama mtu aliichukua ramani ya mabasi ya Kenya akaibandika kwenye kijiji cha India.

Kuna hadithi watu wengi wanaijua nusu, kwamba Wahindi walikuja kwetu kujenga reli. Waliojenga reli ya Uganda wengi walitoka Punjab. Hawa wa Kutch wana njia yao na ni ya zamani kuliko reli. Mji wa Mandvi, kama kilomita sitini kutoka Bhuj, mpaka leo wanaunda majahazi ya mbao pembeni ya mto, na kutoka pale na Mundra watu walikuwa wanapanda na pepo za kaskazi kuja Zanzibar miaka na miaka. Forodha ya Zanzibar enzi za Seyyid Said ilikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, mtu wa Mundra. Tharia Topan ambaye jengo lake la zahanati ya zamani pale barabara ya Mizingani, Zanzibar, kila mtalii analipiga picha, naye ni mtu wa Kutch. Wale walikuwa wafanyabiashara. Walewa Patel wao walikuja baadaye, karne iliyopita, wakulima waliochoshwa na ukame, wakaja kama waashi na maseremala, wakawa makontrakta, na ukitembea Nairobi leo hujui ni majengo mangapi wamesimamisha wao. Dada anakumbuka kila jengo aliloweka madirisha. Anakumbuka mpaka aina ya mbao. Mvule, aliitamka vizuri kuliko mimi.

Na kwa kuwa nimeitaja Mundra, mji huo ambao mtu wake alikuwa anakusanya ushuru Zanzibar sasa hivi una bandari ambayo ni kati ya kubwa kuliko zote India, ya kampuni ya Adani, na 2024 kampuni hiyo hiyo ilisaini kuendesha gati ya pili ya makontena Dar es Salaam miaka 30. Sisemi kitu. Nimeona tu watu wanabishana mtandaoni kama vile jina la Mundra limefika bandarini kwetu jana.

Basi turudi kwenye pesa. Sio mbali na tulipokuwa kuna Madhapar, bado inaitwa kijiji, na magazeti ya India yameandika kwamba ina matawi ya benki 17 na amana za kama rupia bilioni 70. Kijiji! Kule kwetu mtu anatembea kilomita ishirini kutafuta wakala wa simu mwenye floti. Tulipita pale kununua pipi za Diwali, ni kweli benki ziko nyingi, zimebanana mtaa mmoja kama maduka ya kitenge Kariakoo, na ndani hakuna foleni. Kwasababu pesa ni za watu walioko nje, inaingia, inalala, inazaa riba kwa ajili ya uzee. Aliyenifungua macho ni shemeji wa jamaa yangu, anafanya kazi benki mojawapo, aliniambia wateja wake wengi anawajua kwa sauti ya simu tu, sura anaziona mwezi wa kumi na mbili wakija kwenye harusi.

Madhapar hiyo hiyo wanawake wake wana heshima nyingine kabisa ambayo haihusiani na benki. Desemba 1971 India na Pakistan wakipigana, ndege zilibomoa njia ya kurukia pale Bhuj, na wanawake wa kijiji kama 300 wakaitengeneza upya kwa masaa 72, wakisikia king'ora wanakimbia vichakani, na waliambiwa wavae sari za kijani ili wasionekane na rubani, wakaipaka njia kinyesi cha ng'ombe kuificha. Kuna mnara wao. Mimi nilikuwa najiuliza kwanini wanawake, halafu nikaona mtaa ule wenye makufuli nikapata nusu ya jibu. Wanaume wengi wa vijiji hivi tangu zamani hawako nyumbani.

Sasa hapa ndo mahali pameniweka macho. Usiku wa pili nilikaa na talati, ndo afisa anayeshika vitabu vya ardhi na kumbukumbu za kijiji, ni rafiki wa familia, kaja kula. Nikamuuliza swali ambalo nilidhani ni rahisi, hapa mko wangapi na mnaishi kwa nini. Akacheka. Akasema unataka jibu la fomu au la kweli?

La fomu liko hivi. Sensa ya India inahesabu anayeishi pale. Ukiwa Nairobi haupo, nyumba yako inaandikwa tupu, yaani jumba la vyumba nane lenye picha ya mama ukutani na sahani za stili zimepangwa kabatini, tupu. Kisha kwa waliopo wanauliza kazi. Ukifanya kazi miezi sita au zaidi kwa mwaka wewe ni mfanyakazi mkuu, chini ya hapo ni wa pembeni. Wafanyakazi wanagawanywa mafungu manne, mkulima kwenye shamba lake, kibarua wa shamba, mwenye kazi ya mikono ya nyumbani, na wengineo. Usipofanya kazi nako kuna mafungu, mwanafunzi, wa kazi za nyumbani, tegemezi, mstaafu, anayeishi kwa kodi za pango, mpaka ombaomba. Dada kwa mfano anaishi kwa hela inayotumwa na mtoto aliyeko Nairobi pamoja na riba. Hapandi kitu, hauzi kitu, ila ardhi ya familia ekari kumi na moja iko kwa jina lake na kila asubuhi anaenda kuikagua na fimbo, kwahiyo ukimuuliza kazi yako nini anajibu kwa kujiamini, mkulima. Mkewe anadarizi. Nimemuona na macho yangu, mchana kutwa, sindano inapita kwenye kitambaa chekundu, vioo vidogo kama kucha vinashikwa na uzi pande zote, kuna dalali anapitia kila mwezi kuchukua. Ukimuuliza kazi anasema mimi nakaa nyumbani tu.

Kwahiyo fomu inampata mkulima asiyelima na mama wa nyumbani mwenye kazi ya mikono.

Na anayelima ni nani? Kesho yake nilikwenda shambani na Dada. Pamba ilikuwa imefunguka, na pembeni kuna mbarika, ile ya mafuta ya nyonyo, na mikomamanga michanga imefungiwa mipira ya maji ya matone. Kwenye kibanda cha pampu kuna familia inaishi, mume, mke, watoto watatu, wametoka Dahod, mashariki kabisa ya Gujarat kwa Waadivasi, wenyeji wa asili, mbali kweli. Wanaitwa bhagiya, wa sehemu, kwasababu hawalipwi mshahara, wanapata sehemu ya mavuno, yule baba aliniambia kwake ni robo. Mbegu na mbolea za mwenye shamba, jasho lake. Ukimwomba Dada hela katikati ya msimu inaandikwa kwenye daftari na itakatwa mwisho. Niliona daftari. Dawa ya mtoto, imeandikwa. Nauli ya kwenda msibani, imeandikwa. Simu imeharibika kioo, imeandikwa. Mwaka uliopita viwavi waliingia kwenye pamba na robo ya kitu kidogo ni kitu kidogo sana, ikabidi abaki msimu mwingine kulipa daftari.

Mtoto wao mkubwa, kama miaka tisa, alikuwa anaokota pamba anaijaza kwenye shuka aliyoifunga kiunoni, vidole vina mikwaruzo ya yale maganda makavu. Shule ya kijiji iko nzuri, mabenchi mapya, imejengwa kwa michango ya watu wa Nairobi na London, majina yao yamechongwa ukutani kwa marumaru. Wanafunzi hawatoshi. Nilimuuliza Dada kwanini huyu haendi. Akaniangalia kama nimeuliza kwanini mbuzi haendi. "Hii watu nakuja nakwenda," akasema. Mi nampenda yule mzee jamani, lakini pale nilinyamaza kwa muda mrefu na yeye alijua kwanini nimenyamaza. Maana babu yake yeye ndo alikuwa watu wa kuja na kwenda, alilala kwenye kibanda cha mbao cha kontrakta kule Nairobi, mwenyewe kaniambia jana yake anajisifu.

Hiyo ndo hali niliyoshindwa kuitoa kichwani. Anayekilisha kijiji hayupo kijijini, anayekifanyia kazi kijiji sio wa kijiji, na waliopo katikati ni wazee wanaolinda nyumba. Ukichukua idadi ya watu kwenye karatasi utaona namba nzuri tu, haina shida, wala haikuambii chochote.

Usidhani Kutch yote iko hivi lakini. Ukienda kaskazini ya Bhuj unaingia Banni, mbuga ya majani, huko hakuna marumaru, kuna wafugaji wanaitwa Maldhari, mal ni mifugo, wengi Waislamu, wanaishi kwenye nyumba za duara za udongo ambazo hata tetemeko halikuziweza kama lilivyoziweza za mawe. Wana nyati wa kufugwa wa aina yao, anaenda kulisha usiku peke yake na asubuhi anarudi nyumbani kukamuliwa, na 2010 serikali ilimsajili rasmi kama aina ya pekee. Wana na ngamia, na pwani kuna ngamia wanaogelea baharini kwenda kula mikoko, mimi sikuwaona ila nimeona video nikarudia mara nne. Maziwa ya ngamia sasa yananunuliwa na ushirika wa maziwa wa Kutch na kuuzwa kwa jina la Amul, kitu kilichowasaidia sana maana zamani vijana walikuwa wameanza kuona ngamia ni aibu. 2022 ugonjwa wa mapele ya ngozi ulipita kwa ng'ombe, Kutch waliumia sana, mtu wa pale alinionyesha zizi halina kitu.

Halafu huko Banni nikaona mti. Nikamwambia dereva simama. Miiba mirefu, majani madogo, maganda ya njano, umejaa pande zote. Huu ni mathenge! Ndugu zangu wa Baringo na Garissa mnajua ninachosema, mpaka kuna mbuzi alipelekwa mahakamani Kenya kuonyesha meno yaliyoharibiwa na maganda yake. Huku wanauita gando baval, mgunga kichaa. Historia ni ile ile, serikali iliupanda miaka ya sitini kuzuia chumvi na jangwa kusogea, ukapenda, ukala majani, sasa ng'ombe hana pa kulisha. Na riziki ni ile ile pia, asiye na mifugo anachoma mkaa. Tulipita tanuri tatu za mkaa barabarani, zimefunikwa udongo, moshi unatoka pembeni, mwanamke amefunika uso anachungulia. Ningepigwa picha pale ungeapa ni Marigat.

Nimetaja tetemeko kwa kupita, tusipite. Tarehe 26 Januari 2001, Siku ya Jamhuri, saa tatu kasorobo asubuhi, watoto wa shule wako barabarani kwenye maandamano na bendera. Gujarat walikufa watu zaidi ya 13,000, wengi wao hapa Kutch, na mji wa Anjar maandamano ya watoto yalifunikwa na kuta kwenye kichochoro. Dada siku hiyo alikuwa shambani. Haongei sana. Alisema tu, "Nyumba yote nalala chini," akageuza kiganja. Majumba yale ya tausi na marumaru ni ya baada ya hapo, pesa ilimiminika kutoka Nairobi, London, kote.

Sasa angalia ajabu ya namba. Sensa ya 2001, ile ya mwaka wa tetemeko, iliandika watu milioni 1.58. Miaka kumi mbele, milioni 2.09. Ongezeko la asilimia 32, mahali ambapo pameanguka! Gujarat nzima iliongezeka 19 tu. Watu hawakuzaa namna hiyo, walikuja. Serikali baada ya tetemeko ilisamehe kodi kwa viwanda vitakavyojengwa Kutch, vikaja, chuma, nguo, mafuta ya kula, umeme, bandari zikapanuka, na vijana wa majimbo ya Bihar na Odisha na Uttar Pradesh wakapanda treni. Utaiona kwenye namba nyingine, wanawake walikuwa 942 kwa kila wanaume 1,000, wakashuka mpaka 908. Nenda Gandhidham jioni uone, mji wenyewe ulijengwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kisindhi wa 1947, India na Pakistan zilipotengana, sasa kila kibanda cha chai kinaongea Kihindi cha Bihar. Kijana mmoja aliyepanda na sisi basi anafunga mizigo ghala la Mundra, wanalala kumi na wawili chumba kimoja kwa zamu, na ana mke ambaye kamuona miezi miwili kwa mwaka. Nikamwambia kule ninakokaa kuna kijiji kizima kina vyumba havina watu. Akasema anajua, ameshapaka rangi mojawapo.

Na namba zote hizi ni za 2011, sijui kama mmeona. Sensa ya 2021 haikufanyika, corona iliingia ikawa inasogezwa tu, sasa imepangwa iwe na tarehe ya msingi 1 Machi 2027. Miaka kumi na sita. Talati anasema akiulizwa idadi ya watu kwa ajili ya mradi wowote anaandika ile ya 2011 na roho yake inajua anaandika hadithi.

Basi jioni ya Diwali. Jikoni kuna harufu ya samli, mikate ya uwele imepangwa, mtindi kwenye bilauri za stili, nimekula mpaka naona aibu. Dada akaniita nje. Mkononi ana shada la funguo limefungwa kwa kamba ya kiatu, kila funguo ina kipande cha plasta na maandishi ya Kigujarati, na mkono wa pili ana beseni la vitaa vya udongo, chupa ya mafuta na pamba iliyosokotwa. Funguo kumi na moja. Nyumba za ndugu na majirani, anazishika yeye. Kila jumapili anafungua bomba maji yapite, anawasha taa kidogo, anafukuza njiwa. Nilimuuliza wanakulipa? Akasema mmoja anamletea majani ya chai ya Kericho kila mwaka, ndo ile tuliyokunywa.

Mlango hauwezi kukaa giza usiku huo, ni mkosi. Kwahiyo tukaanza. Yeye hawezi kuinama, goti, kwahiyo mimi ndo nikawa nainama, naweka vitaa viwili kizingitini, namimina mafuta, natia utambi, yeye anasimama juu ananielekeza, "kushoto kidogo, hapana, sasa mingi, punguza." Nikiwasha anasoma jina la mwenye nyumba kwa sauti, na mahali alipo. Nyumba ya tano alisoma jina akanyamaza, huyo alikufa Thika mwaka jana. Tukaweka vilevile. Fataki zinalia upande wa Bhuj, mtaa wetu mtu ni sisi wawili tu na mbwa.

Kona ya mwisho upepo ukazima kimoja ikabidi nirudi. Dada akakaa kwenye ngazi za watu kupumzika, akahesabu zile funguo kwa kidole gumba, akachanganyikiwa, akaanza upya.

"Ngapi sasa?" akaniuliza.

"Tisa, Dada."

"Bado mbili. Ile ya Kisumu iko na simba kwa geti. Kuja."